Mwanafunzi aliyebadili jinsia na jina lililobaki kwenye rekodi za chuo: tuanzie wapi?

Mshauri_Taaluma aliandika:

Ndugu wanajukwaa,

Mimi ni mhadhiri, na mwaka huu nimepewa pia jukumu la kuwa mshauri wa taaluma kwa wanafunzi wa mwaka wa pili katika idara yetu. Mmoja wao alikuja ofisini akanieleza kwa faragha kwamba, ingawa alisajiliwa kuwa wa kiume alipozaliwa na rekodi zake zote za chuo zina jina la kiume, anaishi kama mwanamke na rafiki zake wote wanamwita kwa jina la kike. Hakuja kuniomba nimpiganie mbele ya umma. Ombi lake ni moja tu: katika vipindi vya maabara, ambako majina husomwa kwa sauti kila wiki ili kupanga makundi, asiitwe kwa jina la zamani mbele ya watu ambao hawajawahi kulisikia.

Nilidhani jambo hili lingemalizika kwa simu moja. Ofisi ya msajili ilinijibu kwamba bila hati mpya za kisheria hakuna kinachoweza kubadilishwa, na kwenye kikao cha idara wenzangu waligawanyika: wengine waliona kuwa ni maisha binafsi yasiyotuhusu, wengine wakasema tusubiri sheria, na mmoja akauliza, nadhani kwa nia njema, kwa nini mwanafunzi huyo asivumilie tu mpaka ahitimu. Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike hapa.

Nina maswali mawili basi. Kwanza, ni mambo gani ambayo chuo kinaweza kuyafanya leo, bila kugusa sheria ya nchi wala cheti? Pili, wanafunzi hawa wanapitia nini ambacho sisi tunaosimama mbele ya darasa hatukioni? Ningeomba tusiingie kwenye mabishano ya iwapo watu waliobadili jinsia wawepo au wasiwepo. Huyu yupo, amelipa ada, na ana mtihani mwezi ujao.

Masjala_Kuu alijibu:

Ndugu mshauri, nimefanya kazi ya rekodi za wanafunzi kwa muda mrefu, na jibu ulilopewa na ofisi ya msajili ni sahihi kwa nyaraka chache tu. Vyuo vingi vina mfumo mmoja wa usajili wenye safu moja ya jina, na kutoka kwenye safu hiyo jina humiminika kila mahali: orodha ya darasa, kitambulisho, anwani ya barua pepe, jukwaa la masomo ya mtandaoni, kumbukumbu za maktaba, kibali cha kuingilia mtihani, mgawo wa vyumba vya bweni, na hatimaye cheti chenyewe. Karani anapokuambia kwamba haiwezekani, mara nyingi ana maana kuwa programu yake haina mahali pa kuandika jina la pili, kisha upungufu huo wa programu unatamkwa kana kwamba ni amri ya sheria.

Njia inayojulikana ni kuongeza safu ya jina la matumizi na kuamua ni nyaraka zipi zitasoma safu ipi. Chuo Kikuu cha Vermont nchini Marekani kilikuwa miongoni mwa vyuo vya mwanzo kuurekebisha mfumo wake wa kumbukumbu kwa namna hiyo. Brazili imefika mbali zaidi, kwa kuwa amri ya rais namba 8.727 ya mwaka 2016 inazitaka taasisi za serikali kuu, vikiwemo vyuo vikuu vyake, ziwe na sehemu ya jina la kijamii katika fomu na mifumo yao, na jina la kisheria litumike kwa shughuli za ndani za utawala tu pale linapohitajika. Mtihani wa taifa wa kuingilia vyuo vikuu nchini humo ulianza kulikubali jina hilo hata kabla ya amri, mwaka 2014. Jina la kisheria linabaki pale linapodaiwa na mtu wa nje, yaani kwenye cheti, transkripti, mkopo, kodi na viza. Orodha ya maabara haimo humo.

Hata hivyo safu ya pili peke yake haitoshi, na hapa ndipo vyuo vyenye nia njema hujikwaa, kwa kuwa jina la zamani huvuja kupitia matundu ambayo hakuna aliyeyafikiria. Programu ya mikutano ya video huchota jina kutoka kwenye orodha ya barua pepe, kwa hiyo mwanafunzi akiingia kipindi cha mtandaoni jina linajitokeza chini ya picha yake mbele ya darasa zima. Maktaba inatuma ukumbusho wa kitabu kilichochelewa. Orodha ya viti vya mtihani inabandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, na kila anayetafuta kiti chake anasoma majina ya wote. Ninachowashauri wenzangu ni kulifuata jina hatua kwa hatua, kutoka kwenye hifadhidata hadi kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na kuandika kila mahali linapojitokeza.

Kuna uvujaji wa upande wa pili ambao ni wa hatari zaidi: barua ya ada inayokwenda nyumbani ikiwa na jina ambalo wazazi hawajawahi kulisikia. Kwa sababu hiyo usibadilishe chochote kabla ya kukaa na mwanafunzi mwenyewe na kumwuliza, mahali kwa mahali, jina lipi litumike wapi. Wapo wanaotaka libadilike darasani tu, na hiyo ni haki yao.

Kuhusu alama ya jinsia, fomu nyingi za chuo zinaiuliza kwa mazoea tu. Mwezi Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Kenya, katika shauri la Audrey Mbugua dhidi ya Baraza la Mitihani la nchi hiyo, iliamuru cheti chake cha sekondari kitolewe upya kwa jina lake jipya na bila alama ya jinsia, baada ya kuona kwamba kanuni za baraza lenyewe hazikulazimisha alama hiyo iwepo. Kabla hamjasema kwamba kanuni zinakataza, zisomeni.

Mhitimu_Fizikia alijibu:

Mimi ni mwanamume niliyesajiliwa kuwa wa kike nilipozaliwa, na nilimaliza shahada ya fizikia nikiwa na jina la kike kwenye kila karatasi. Swali la kwanza limempata mwenyewe, kwa hiyo nitajibu la pili.

Mnachokiona ninyi ni ule muda mfupi wa jina kusomwa. Msichokiona ni hesabu zinazotangulia. Nilijua ni wahadhiri gani wanaosoma orodha na ni gani wanaoizungusha karatasi ili watu watie saini. Kwa wale wa kwanza nilichelewa makusudi, nikaingia orodha ikiwa imeshapita, na matokeo yake rekodi yangu ya mahudhurio ilikuwa ya mwanafunzi mzembe. Siku zenye vipindi vilivyofuatana sikunywa maji tangu asubuhi, kwa sababu choo pekee ambacho nisingeulizwa swali kilikuwa kwenye jengo jingine na mapumziko hayakutosha kwenda na kurudi. Katika mihadhara mikubwa sikunyoosha mkono, kwa kuwa mhadhiri hupenda kumjua anayeuliza, na sauti yangu wakati ule ilikuwa bado haijaamua upande. Mtu akitazama matokeo yangu ya mwaka wa kwanza atadhani sikulipenda somo, wakati ukweli ni kwamba nusu ya akili yangu ilikuwa kwenye mlango.

Yule mwenzako aliyeuliza kwa nini mtu asivumilie mpaka ahitimu hajawahi kuomba kazi akiwa na cheti chenye jina la mtu ambaye hafanani naye. Kabla hujaulizwa lolote kuhusu uwezo wako, unalazimika kuwasimulia watu usiowajua historia ya mwili wako, la sivyo wanakutilia shaka kwamba umekuja na cheti cha dada yako. Hata kabla ya hapo kuna mafunzo kwa vitendo, ambapo chuo kinaandika barua ya utambulisho kwa jina la kwenye rekodi na kuituma kwa msimamizi ambaye hujawahi kumwona, kwa hiyo siri yako inafika kazini kabla yako.

Jambo jingine ambalo sikulitarajia ni kugeuzwa mfano. Katika somo la hiari kuhusu jamii na jinsia, mada ilipofika kwa watu waliobadili jinsia, darasa zima liligeuka kunitazama, na mwalimu akaniomba, kwa upole kabisa, niwaeleze wenzangu "inakuwaje". Nililipa ada ili nifundishwe, lakini nikajikuta mimi ndiye ninayefundisha, bila maandalizi na bila mshahara, na baada ya kipindi watu waliendelea kuniuliza kuhusu upasuaji kwenye foleni ya chakula.

Aliyenisaidia kuliko wote ni mwalimu wa maabara wa mwaka wa pili. Kipindi cha kwanza aligawa kadi ndogo kwa kila mtu, akasema tuandike jina ambalo tungependa tuitwe na tuiweke juu ya meza, kisha akapanga makundi kwa kutembea na kuzisoma kadi hizo. Kwa kuwa alifanya hivyo kwa darasa zima, hakuna aliyejua kama kulikuwa na mtu maalumu. Hakuniuliza chochote, wala hakunipa hotuba ya kunitia moyo, jambo ambalo nalo nilimshukuru.

Mwalimu_Mkongwe alijibu:

Nimesoma kwa makini, na nakiri kwamba sikuwahi kufikiria habari ya maji ya kunywa. Hata hivyo nina mashaka ambayo ningependa yajibiwe bila mimi kuonekana mtu mwenye chuki.

La kwanza ni la mitihani. Nimesimamia mitihani ya kutosha kujua kwamba wapo wanaowatuma wengine kuwafanyia, na mwanafunzi mmoja kuwa na majina mawili katika mfumo mmoja kunafungua mlango ambao tumehangaika kuufunga. La pili ni dhamiri: wapo walimu ambao imani zao hazikubaliani na jambo hili, na sijui kama chuo kinaweza kuwalazimisha. La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Mahali ambapo sheria au jamii haiwavumilii watu hawa, kuweka safu ya jina la matumizi ni kutengeneza orodha yao kwa mikono yetu wenyewe, ikisubiri mtu mbaya aiombe.

Masjala_Kuu alijibu:

Mzee wangu, hoja ya mitihani ina jibu rahisi. Anayemtambulisha mwanafunzi ndani ya chumba cha mtihani ni namba ya usajili pamoja na picha, na hivyo vyote havibadiliki hata mtu awe na majina matano. Isitoshe, kubadilisha majina si jambo geni kwetu hata kidogo: wanawake wanaoolewa hubadilisha, wanaosilimu au kubatizwa hubadilisha, wanaoasiliwa hubadilisha, na ofisi za masjala zimekuwa zikiunganisha rekodi za zamani na mpya kwa miaka yote hiyo. Sijawahi kusikia bibi harusi akiambiwa asubiri mpaka ahitimu.

Hoja ya tatu naikubali kabisa, nami ningeomba kila anayejenga mfumo wa namna hii aibandike mezani kwake. Suluhisho lake ni safu hiyo kuwa wazi kwa kila mwanafunzi bila kueleza sababu. Watakaoitumia watakuwa wengi: wanaoitwa kwa jina lao la katikati, wenye majina marefu yaliyofupishwa, wageni ambao majina yao huandikwa kwa mpangilio tofauti. Orodha yenye watu wa kila aina haimfichui mtu yeyote. Kinachoua ni fomu yenye kisanduku cha "sababu", au ile inayodai barua ya daktari.

Mtafiti_Ustawi alijibu:

Ninafanya utafiti wa ustawi wa wanafunzi, na ningependa kuongeza machache, nikianza na dhamiri kwa sababu wenzangu wameiruka. Mwalimu anayemwita mtu kwa jina analojitambulisha nalo hajatia saini tamko lolote la imani. Tunawaita watu kwa majina ya kidini ya dini tusizozifuata, na hakuna anayedai kwamba amesilimishwa kwa kusoma orodha.

Sasa kuhusu jina lenyewe. Mwaka 2018 Stephen Russell na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa vijana 129 wenye umri wa miaka 15 hadi 21, wakiwauliza kama wanaweza kutumia jina walilolichagua katika maeneo manne: nyumbani, shuleni, kazini na kwa marafiki. Kila eneo moja lililoongezeka liliendana na dalili pungufu za sonona, na mawazo ya kujiua yakawa pungufu kwa asilimia 29. Sampuli ni ndogo na uhusiano si lazima uwe ndio chanzo, kwa hiyo nisingeubeba utafiti huo kama upanga. Lakini hatua yenyewe ni nafuu mno kiasi kwamba sioni kwa nini tudai ushahidi mzito zaidi kabla ya kugawa kadi darasani.

Matokeo hayo yanalingana na maelezo ya Ilan Meyer ya mwaka 2003 kuhusu msongo wa makundi ya wachache. Aliyaandika akiwazungumzia mashoga, wasagaji na wenye mvuto wa jinsia mbili, na baadaye watafiti waliyatumia kwa watu waliobadili jinsia. Kiini chake ni kwamba mtu anachoshwa na kubaguliwa, na vilevile na kule kutarajia kubaguliwa na kujificha kila siku. Hesabu za Mhitimu_Fizikia ndizo hizo hasa, na ndiyo maana chuo kisipime hali ya wanafunzi hawa kwa idadi ya malalamiko yaliyoandikwa. Aliyefanikiwa kukwepa kusomwa jina hana cha kulalamikia kwenye fomu, ila amelipia mafanikio hayo kwa mahudhurio yake. Vilevile Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeiondoa hali ya jinsia ya mtu kutolingana na ile aliyosajiliwa nayo kwenye sura ya matatizo ya akili, jambo ambalo washauri nasaha wa vyuo wanapaswa kulijua kabla ya kumwandikia mtu rufaa asiyoiomba.

Kwa wanaosema tusubiri sheria, watazame Marekani. Mwezi Mei 2016 serikali kuu ilivitumia vyuo na shule waraka ukisema kwamba sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inawalinda wanafunzi hawa. Februari 2017 waraka ukafutwa. Mwaka 2024 zikatoka kanuni mpya zilizowataja waziwazi. Januari 2025 mahakama ikazitengua. Mwanafunzi angeweza kuanza shahada chini ya kanuni moja na kuimaliza chini ya nyingine bila yeye kubadilika hata kidogo. Mipango midogo ya ndani, kama namna ya kusoma orodha, imeyumba kidogo kuliko nyaraka hizo. Hata vyuo vya wanawake pekee, ambavyo mtu angedhani vingekuwa vya mwisho, vilijiamulia vyenyewe: Mount Holyoke kilifungua udahili kwa wanawake waliobadili jinsia mwaka 2014, na Chuo Kikuu cha Ochanomizu nchini Japani kikafuata kuanzia mwaka 2020.

Nimkumbushe mshauri jambo moja la mbele kidogo. Mwanafunzi wako akiendelea na shahada ya uzamili atachapisha makala, na jina lililo kwenye makala ya kwanza ndilo litakalobeba sifa zake. Lynn Conway, mhandisi wa kompyuta, alifukuzwa na kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1968 alipoieleza kampuni kwamba anabadili jinsia. Akaanza upya kwa jina jipya bila kuweza kuitaja kazi aliyoifanya pale, na ingawa baadaye aligeuza namna saketi za kompyuta zinavyosanifiwa na kuwa profesa Chuo Kikuu cha Michigan, kampuni ilimwomba radhi mwaka 2020 tu. Leo majarida mengi yanakubali kurekebisha jina la mwandishi kimyakimya kwenye makala yaliyokwisha kuchapishwa. Hata hivyo ni bora kuamua jina kabla ya kutuma muhtasari wa kwanza kuliko kuwaandikia wachapishaji mmoja mmoja baadaye.

Mshauri_Taaluma alijibu:

Nawashukuru wote, akiwemo Mwalimu_Mkongwe, ambaye hoja yake ya orodha nimeipeleka kwa msajili kama ilivyo, pamoja na jibu lake.

Nimekaa na mwanafunzi na tukapitia mahali kwa mahali kama nilivyoshauriwa. Kwenye maabara tutatumia kadi, kwa makundi yote. Barua za ada anataka zibaki na jina la zamani kwa sababu anayezilipa hajui lolote, na ameniomba nisiweke kumbukumbu ya mazungumzo yetu kwenye faili la idara. Mkuu wa idara amekubali orodha ya viti vya mtihani ibandikwe kwa namba za usajili pekee, kwa wanafunzi wote, na tangazo lililotoka linataja faragha bila maelezo zaidi. Msajili bado anasema safu mpya itajadiliwa na kamati.

Limebaki jukwaa la masomo ya mtandaoni. Masjala_Kuu, je, inawezekana jina la kwenye skrini litofautiane na lile la barua pepe wakati chanzo chake ni kimoja?

Masjala_Kuu alijibu:

Mara nyingi inawezekana. Majukwaa mengi yana sehemu ya jina la kuonekana ambayo msimamizi wa mfumo ameifunga ili watumiaji wasiibadilishe. Mwombe aifungue kwa wote, na ahakikishe kwamba ulinganishaji wa kila usiku na hifadhidata ya usajili hauandiki juu yake, maana la sivyo jina la zamani litarudi asubuhi. Fanyeni jaribio kwa akaunti isiyo ya mtu yeyote kabla ya kumgusa mwanafunzi. Kisha fungueni mijadala ya muhula uliopita na rekodi za video za vipindi vilivyopita: mijadala kwa kawaida hujisahihisha yenyewe, lakini video zimeshachukua jina kama picha, na hizo itabidi mziondoe au mzifungie wanaoruhusiwa tu.